Kiapo cha Carvilius: mke aliyependwa, akaachwa, na majina ya Juno

Spurius Carvilius Ruga hakugombana na mkewe. Hakumfumania, hakumshuku, wala hakuchoshwa naye. Aulus Gellius, aliyeandika katika karne ya 2 BK, anasema mtu huyu alimpenda sana mke wake na kumthamini kwa tabia zake, kisha akamwacha kwa sababu moja tu: hakuzaa. Na hata hiyo haikuwa kiu yake mwenyewe ya mtoto. Alikuwa amelazimishwa na wale maofisa walioitwa censores aape kwamba anakaa na mke *liberum quaerundum gratia*, yaani kwa ajili ya kutafuta watoto. Watoto hawakupatikana. Carvilius akaona kiapo ni kiapo, akatoa talaka.

Waandishi wa kale hawapatani juu ya mwaka. Dionysius wa Halicarnassus anataja mwaka unaolingana na 231 KK. Gellius mahali pamoja anataja makonsuli, wale wakuu wawili wa serikali waliochaguliwa kila mwaka, wa 227 KK, na kwingine anataja mwaka wa mapema zaidi. Mimi nitasema miaka ya 230 KK na kusonga mbele. Carvilius mwenyewe hakuwa mtu wa pembeni: alikuwa konsuli mwaka 234 KK na tena mwaka 228 KK. Talaka yake ilikuwa habari ya mjini, na Dionysius anasema watu walimchukia kwa jambo hilo maisha yake yote, ingawa alilazimika.

Kisa hiki husimuliwa kama talaka ya kwanza ya Roma. Hapo pana walakini. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za miaka ya 450 KK, zilijua talaka. Msemaji Cicero, akimsimanga mwanasiasa Antonius kwa kumfukuza mwanamke aliyekuwa akiishi naye, anakumbusha kuwa kumnyang'anya mke funguo za nyumba kulitoka humo. Na mwaka 307 KK seneta mmoja, Lucius Annius, alifutwa katika Baraza kwa kumwacha mke bila kuwashauri rafiki zake. Kwa hiyo wanawake walikuwa wakiachwa kabla Carvilius hajazaliwa. Lililokuwa geni ni mke kuachwa bila kosa, na mume kusimama mbele za watu akasema: hana kosa, nampenda, namwacha.

Wanasheria wamekizungumza kisa hiki karne na karne, na nitawapisha wazungumze mwishoni. Mimi nakiona zaidi kama kisa cha Juno. Ndoa ya Kirumi ilikuwa mikononi mwa mungu mmoja wa kike mwenye majina mengi, na kila jina lilikuwa na kazi yake na saa yake. Kwa Carvilius majina yale yalifika mahali yakashindwa kwenda pamoja.

Jina kwa kila hatua

Kilatini nilichofundishwa seminari kilikuwa cha Misa, si cha arusi, kwa hiyo majina haya nilikutana nayo ukubwani. La kwanza ni lenyewe: Iuno. Warumi waliliandika kwa I. J ni ya juzi tu. Wataalamu wengi wa leo hulihusisha na maneno ya ujana, kama *iuvenis*, kijana. Nguvu ya mtu aliye katika umri wa kuoa au kuolewa. Kila mwanaume wa Kirumi alikuwa na *genius* wake, roho ya kumlinda, na kila mwanamke alikuwa na *iuno* wake mwenyewe, ambaye aliweza kuapa kwa jina lake. Mshairi Ovid anamfanya Juno adai kuwa mwezi Iunius ni wake. Kama dai hilo ni kweli, basi sisi tunaoandika Juni kwenye kalenda tunamtaja kila mwaka bila kujua.

Arusi ilipoanza aliitwa Pronuba. Ndani ya jina hilo mna kitenzi *nubere*, kuolewa kwa upande wa mwanamke, ambacho Warumi walikihusisha na kujitanda shela. Shela la bi arusi wa Kirumi liliitwa *flammeum*, kwa rangi yake ya mwali wa moto. Pronuba lilikuwa pia cheo cha binadamu: mwanamke mtu mzima, aliyeolewa mara moja tu maishani, ambaye ndiye aliyeshikanisha mikono ya kulia ya bwana na bibi arusi. Msomaji wa Pwani atamfikiria somo au kungwi, na hatakuwa mbali, ila pronuba hakuwa mwalimu wa mambo ya ndani. Ushahidi wake ulikuwa maisha yake mwenyewe: mume mmoja, basi.

Aliitwa pia Iuga, au Iugalis. *Iugum* ni nira, na *coniunx*, mwenzi wa ndoa, kwa Kilatini ni mliyefungwa naye pamoja, kama maksai wawili wa jembe moja. Roma kulikuwa na barabara iliyoitwa Vicus Iugarius, ikishuka kutoka Forum, uwanja mkuu wa mji, na kamusi ya kale ya Festus inasema ilipata jina kwa sababu palikuwa na madhabahu ya Iuno Iuga, aliyeaminiwa kuunganisha ndoa. Hapa siwezi kujizuia na jambo dogo. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasema herufi G ililetwa Roma na mtu aitwaye Spurius Carvilius, na kwingine anasema Spurius Carvilius, mtumwa aliyeachwa huru na Carvilius huyuhuyu wa talaka, ndiye aliyefungua shule ya kwanza ya kulipiwa mjini humo. Kabla ya G, C ilibeba sauti zote mbili. Kwa hiyo jina la Juno anayefunga nira, tukimwamini Plutarch, lilipata herufi yake kutoka nyumba ya mtu aliyeifungua.

Safari ya kwenda kwa mume ilikuwa na majina mawili, Iterduca na Domiduca: anayeongoza njiani, na anayeingiza nyumbani. Mienge mbele, jozi zinarushwa kwa watoto, watu wanapiga ukelele wa *Talassio*, ambao Warumi wenyewe walibishana maana yake. Mlangoni akawa Unxia, wa kupaka mafuta, kwa sababu bi arusi alipaka miimo ya mlango. Pliny anataja mafuta ya mbwamwitu, eti kuzuia uchawi usiingie. Wapo Warumi waliosema hata neno *uxor*, mke, limetoka huko, kwa kupaka. Kisha alibebwa juu ya kizingiti asijikwae.

Ndani, jina likawa Cinxia. Bi arusi alifungwa mshipi wa sufu ya kondoo kiunoni kwa fundo lililoitwa fundo la Hercules, gumu kulifungua, na kulifungua ilikuwa kazi ya mume. Festus anaeleza sababu: mume apate heri ya uzazi kama Hercules, aliyeacha watoto 70. Anasema pia kwamba jina la Iuno Cinxia lilihesabiwa takatifu arusini, kwa kuwa ndoa ilianzia pale mshipi unapofunguliwa.

Majina haya hayakutoka kalamu moja. Mengine yalikusanywa na waandishi wa nyakati za mwisho za Roma. Martianus Capella ndiye anayeyapanga Iterduca, Domiduca, Unxia na Cinxia kwa mfuatano, na kusema wasichana wanapaswa kuyaita siku ya arusi. Mtakatifu Augustino wa Hippo naye anaorodhesha vimungu vya chumbani, kimoja cha kumlaza bibi, kingine cha kumkandamiza, na kadhalika, kisha anauliza kwa kejeli kama chumba kikijaa miungu namna hiyo, mume mwenyewe ameachiwa nini cha kufanya. Mzee alikuwa na maneno.

Katika mfuatano huo nyumba ya Carvilius haikudaiwa kitu. Mikono ilikuwa imeunganishwa, njia imepitwa, mlango umeingiwa, fundo limefunguliwa. Kwa Pronuba, Iuga, Domiduca na Cinxia, ndoa ilikuwa imetimia. Lililobaki ni jina moja.

Lucina na hesabu ya watu

Iuno Lucina ndiye anayemtoa mtoto kwenye *lux*, mwangaza. Ovid anasema labda jina limetokana na *lucus*, kichaka kitakatifu, lakini wengi walisikia mwangaza ndani yake. Katika michezo ya Terence, msichana aliyeshikwa na uchungu nyuma ya pazia hupiga kelele: *Iuno Lucina, fer opem!* Juno Lucina, nisaidie! Hekalu lake lilisimama kwenye kilima cha Esquilinus, likawekwa wakfu tarehe 1 Machi mwaka 375 KK, na siku hiyo ilikuwa sikukuu ya wake wenye nyumba zao, ambapo waume waliwapa wake zao zawadi. Mwenye mimba alipokwenda kumwomba alifungua nywele, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwenye ibada yake na fundo mwilini. Cinxia anafungua fundo moja. Lucina hataki hata moja libaki.

Kuna habari nyingine ya Lucina ambayo kwa kisa hiki naiona nzito kuliko hekalu. Dionysius, akimnukuu mwanahistoria wa kale Piso, anasema mfalme Servius Tullius aliamuru kila mtoto anapozaliwa sarafu iwekwe katika hazina ya Lucina. Kwa anayekufa, sarafu nyingine iende kwa Libitina, mungu wa mazishi. Kwa njia hiyo mfalme alijua watu wanaongezeka au wanapungua. Mfalme huyohuyo ndiye Warumi waliyemhesabu kuwa mwanzilishi wa *census*, na kutoka hapo likaja neno letu sensa. Kwa hiyo tangu zamani kisanduku cha Lucina na daftari la serikali vilikuwa kitu kimoja. Pronuba hakuwa na kisanduku. Hakuna aliyehesabu ndoa zenye upendo.

Censores wawili ndio walioandika hesabu hiyo, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano. Kila raia alifika mbele yao akaapa, akataja mali yake, umri wake, mke wake. Swali lenyewe lilikuwa rasmi: *ex animi tui sententia*, kwa dhamiri yako, una mke? Maneno hayo kwa Kilatini yanaweza pia kumaanisha "wa kukuridhisha moyo". Mcheshi mmoja akajibu kwamba mke anaye, lakini wallahi si wa kumridhisha moyo. Akashushwa daraja la uraia kwa mzaha huo. Watu hawa hawakuwa wa kutaniwa.

Na miaka ile walikuwa na sababu ya kununa. Vita vya kwanza na Carthage vilidumu kuanzia 264 hadi 241 KK, na maelfu walizama na meli zao. Muhtasari wa historia ya Livy unatoa hesabu ya raia 297,797 katika sensa moja ya vita hivyo, na 241,212 katika sensa iliyofuata. Zaidi ya raia 56,000 hawapo daftarini. Nionavyo mimi, ofisa aliyerithi daftari kama hilo hawezi kuuliza habari za ndoa kwa upole. Anataka kujua mtoto yuko wapi. Kiapo cha kutafuta watoto kilikuwa maneno ya kawaida ya ndoa, ya aina ambayo mtu hutamka bila kuyatafakari. Carvilius aliyachukua jinsi yalivyo, au alibanwa mpaka akayachukua hivyo.

Njia alizokuwa nazo

Msomaji wa kwetu atauliza mara moja: kwa nini asiongeze mke? Roma haikuruhusu. Mume alikuwa na mke mmoja kwa wakati mmoja, na mwanamke wa pili, hata akiwekewa nyumba na kutunzwa, aliitwa *paelex*. Mitaani Dar es Salaam tungesema nyumba ndogo. Gellius, katika sura ileile anayomsimulia Carvilius, anaweka sheria waliyoihusisha na mfalme Numa: *Paelex aram Iunonis ne tangito*, nyumba ndogo asiguse madhabahu ya Juno, akigusa, afungue nywele na amchinjie Juno mwanakondoo jike. Sidhani sheria hiyo ilikaa ukurasa huo kwa bahati. Juno alilinda ndoa kwa kuwafungia wengine nje, na mtoto wa nje hakuhesabiwa kuwa wa baba yake kisheria. Kiapo kisingetimizwa kwa mlango huo.

Kumlea mtoto wa mwingine kama wake kuliwezekana. Warumi waliasiliana watoto, tena hata watu wazima. Lakini kiapo hakikusema "nitakuwa na mrithi". Kilimtaja mke na kikataja watoto pamoja.

Ilikuwapo pia njia ya kumwomba Juno mwenyewe. Ovid anasimulia kwamba zamani za Romulus, mfalme wa kwanza wa Roma, wake walikuwa hawazai; wakaenda kwenye kichaka cha Juno chini ya Esquilinus, na sauti ikatoka ikisema beberu mtakatifu awaingie kina mama wa Italia. Watu wakashikwa na hofu. Mwaguzi mmoja Mwetruria akaokoa hali: akamchinja beberu, akakata ngozi yake vipande, akawaambia wanawake wageuze migongo ichapwe. Ndiyo maana kila tarehe 15 Februari, siku ya Lupercalia, vijana walikimbia mjini karibu uchi na kamba za ngozi ya mbuzi, na wanawake waliotaka mimba walijipeleka mbele yao wachapwe. Ngozi hiyo iliitwa *amiculum Iunonis*, vazi la Juno.

Mgongo unaochapwa ni wa mke. Gellius anasema watoto hawakutoka kwake kwa kasoro ya mwili wake, na Valerius Maximus anaandika kwa kifupi kwamba aliachwa kwa utasa. Katika maandishi yote hayo hakuna mtu anayeuliza juu ya mwili wa Carvilius. Wala hakuna anayemtaja mwanamke huyo kwa jina. Jina la mumewe tunalo kamili, la mtumwa wa mumewe tunalo, na majina ya Juno aliyemsindikiza mpaka mlangoni hayaishi.

Valerius Maximus, aliyeandika wakati wa Kaisari Tiberius, ndiye anayetoa hukumu iliyo karibu na ya watu wa mtaani wa siku zile. Anasema Carvilius alionekana kuwa na sababu inayovumilika, lakini hakukosa kulaumiwa, kwa kuwa watu waliona hata hamu ya watoto haikupaswa kutangulizwa mbele ya uaminifu wa ndoa. Isome tena kwa macho ya majina. Umma ulisimama na Pronuba na Iuga: mikono iliunganishwa, nira ilifungwa, imetosha. Dola ilisimama na Lucina. Carvilius akasimama na dola, na umma haukumsamehe. Nami naukubali umma, kwa sababu moja ambayo si ya huruma tu: fundo la Hercules lilifungwa kwa kutakia heri. Halikuwa sharti. Mtu aliyefungua fundo lile hakuahidiwa watoto 70, na bi arusi aliyefungwa nalo hakuahidi hata mmoja. Aliyeigeuza dua kuwa deni ni yule mwenye daftari.

Mistari michache baada ya Carvilius, Valerius Maximus anataja kijihekalu kwenye kilima cha Palatinus cha mungu aitwaye Viriplaca, mtuliza waume. Mke na mume waliogombana walikwenda hapo, kila mmoja akasema yake mbele ya mwenzake, wakarudi nyumbani wamepatana. Kutoka Forum ni mwendo mfupi wa kupanda. Lakini Viriplaca alikuwa wa wagomvi, na hawa wawili hawakuwa na ugomvi wa kupeleka.

Yaliyofuata

Mke alirudi kwao, na hapo ndipo wanasheria wanapoingia. Roma mali ya ndoa ilitembea kinyume na mahari yetu: familia ya mwanamke ndiyo iliyompelekea mume *dos*. Mke akiachwa kwa kosa lake, mume alikuwa na hoja ya kubaki na mali. Plutarch anasimulia kwamba sheria ya Romulus ilitaja makosa ya kumwacha mke, na aliyemwacha bila kosa hilo alipoteza mali yake, nusu kwa mke na nusu kwa Ceres, mungu wa nafaka. Carvilius alikuja na kitu kilichokosa kifungu: mke asiye na kosa, na mume anayesema naye hana kosa, kiapo ndicho kimenituma. Servius Sulpicius Rufus, mwanasheria aliyekuwa konsuli mwaka 51 KK, aliandika juu ya *dos*, na kwa maelezo ya Gellius alisema ni kuanzia talaka hiyo ndipo mikataba ya mali ya mke ilipoonekana kuwa ya lazima. Tangu hapo mwenye binti wa kuozwa alikuwa na sababu ya kumtaka mkwewe aahidi mapema, kabla pronuba hajashika mkono wa mtu: ndoa ikivunjika, kipi kitarudi.